Mabega Kwanza

Anayejua nguo haanzi kwa kuitazama. Huanza kwa kuishika. Vidole hupita kwenye pindo, hupanda na mshono wa ubavuni, husimama kwapani, na ni hapo kwapani nguo hueleza ilivyoishi. Rangi huweza kudanganya, hasa chini ya turubai la buluu linalofanya kila kitu kionekane kipya. Kitambaa chenyewe hakidanganyi. Kikivutwa kidogo kwa mshazari kisha kikaachiwa, ama hurudi mahali pake au hubaki kimelegea, na mnunuzi ameshapata jibu kabla muuzaji hajataja bei.

Ufundi huu sikufundishwa darasani, ingawa mimi ni mwalimu. Niliuokota njiani, baina ya Homa Bay ninakoishi na Awendo kwetu, kwenye mashamba ya miwa, na mara nyingi safari haikuishia Awendo bali ilifika Migori mjini, au hata Isebania mpakani. Barabara ya kutoka Homa Bay hupanda hadi Rongo, ikakutana na ile kubwa inayotoka Kisii kwenda Tanzania, na kila stendi ina meza zake za mitumba. Mama mwenye watoto na kazi hana siku ya kwenda kununua nguo. Ana zile dakika ambazo gari linasubiri kujaa. Makanga akisema bado abiria wanne, mimi huteremka, mkoba wa mboga nikamwachia jirani wa kiti, nikaenda kushika nguo. Nimewavalisha watoto wangu kwa dakika hizo. Nimejivalisha mwenyewe pia, na nikiulizwa gauni langu limetoka wapi hutaja stendi na bei.

Nataka kuwasifu watu wawili ambao nguo hizo hupita mikononi mwao kabla hazijawa zetu: mama anayefungua belo, na fundi wa cherehani anayezirekebisha. Wa pili ndiye nitakayekaa naye zaidi.

Belo la mitumba, kwa kawaida kilo 45, hushuka melini Mombasa, likapitia kwa wauzaji wa jumla, wengi wao wakiwa Gikomba jijini Nairobi, kisha likapakiwa kwenye lori au basi la usiku kuelekea Nyanza. Limefungwa kwa plastiki na mikanda, na kwa nje limeandikwa tu aina ya kilichomo: mashati ya kiume, magauni, makoti, nguo za watoto. Mwenye kulinunua hulipa kabla hajaona ndani. Huyo mama anayesimama sokoni Migori asubuhi akikata mikanda kwa kisu ametia karo ya mtoto, pesa za chama, pengine na mkopo, ndani ya mzigo asioujua.

Nimesimama mara nyingi kando nikitazama belo likifunguliwa, na hadi leo kasi ya mikono ile hunistaajabisha. Nguo hutoka, hukung'utwa, hugeuzwa, na tayari imepewa cheo chake. Zilizo bora kabisa, zisizo na doa wala kasoro, huitwa kamera. Hizo hutundikwa juu kwenye waya, na wateja wanaojua saa ya kufunguliwa belo huzigombania. Za kati huwekwa mezani. Nyingine hutupwa chini kwenye turubai, "chagua mia, mama, chagua mia," na jioni mia huwa hamsini. Za mwisho kabisa ndizo fagia, na jina hilo halihitaji maelezo.

Lakini mama yule hapangi kwa ubora peke yake. Anapanga watu. Shati jeupe la mikono mirefu analiona na papo hapo anamwona karani fulani wa ofisi za kaunti. Sketi nyeusi ndefu ni ya yule mama wa kanisa asiyependa kitu kilichobana. Koti la mvulana wa miaka kumi analikunja na kulificha chini ya meza kwa sababu anajua kuna mwalimu atapita Ijumaa. "Mwalimu, yako iko," huniambia kabla sijamsalimu. Ana vipimo vya nusu ya mji kichwani, na hajawahi kumpima mtu kwa tepe. Huu ni ujuzi, na unaposemwa kuwa ni uchuuzi tu wa nguo kuukuu, anayesema hivyo hajawahi kusimama pale belo likikatwa.

Kanuni ya kwanza ya kuchagua nilipewa na fundi wangu wa Homa Bay, mzee anayekaa kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, na ni kanuni fupi: mabega kwanza. Nilikuwa nimemletea koti la sufu, zuri, rangi ya majani makavu, nikimwomba alipunguze. Alilipandisha begani kwangu, akaona pale mshono wa mkono unapoangukia, akatikisa kichwa. Kiuno cha koti hupungua, akasema. Urefu hupungua. Mikono hupunguzwa au huongezwa kidogo ikiwa pindo lina akiba. Bega likizidi ni taabu, kwa sababu pale ndipo shingo, mkono, mgongo na kifua vinapokutana, na ndani yake mna pedi, bitana na kitambaa kigumu vilivyoshonwa pamoja. Ukilifungua umelifungua koti zima. Kwa hiyo mtu akichagua koti aanze hapo. Bega likikaa, mengine yote ni kazi ya mchana mmoja.

Kanuni nyingine nimezipata kwake kidogo kidogo, nikisubiri azibe tundu au abadilishe zipu. Nguo ishikwe ielekezwe kwenye jua, kwa sababu tundu dogo la nondo halionekani kwenye kivuli. Mshono ufunguliwe kwa vidole ili mtu aone kitambaa cha akiba kilichobaki ndani: nguo za zamani huwa na akiba pana, na zinaweza kupanuliwa mtu akinenepa au mtoto akikua, ilhali nguo nyingi za siku hizi zimekatwa kwa ubahili, mshono ukiachia umekwisha. Na kitambaa kikitiliwa shaka, uchomolewe uzi mmoja uchomwe. Pamba huungua haraka ikaacha majivu mepesi yanayopeperuka. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, ikajikunja kuwa punje ngumu nyeusi. Kwa jua la Homa Bay, ambalo hupiga juu na kurudi tena kutoka ziwani, mtoto aliyevaa punje hiyo nyeusi mwili mzima atakuwa analia kabla ya saa sita.

Sasa nikae kwenye baraza.

Cherehani yake ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, herufi za dhahabu zimefutika upande anaouegemeza mkono. Ana mkasi mkubwa asiomruhusu mtu kuukatia karatasi, tepe ya kupimia shingoni, pasi ya makaa, wembe, vipande vyembamba vya sabuni ya mche anavyochorea mistari, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo. Vifungo hivyo vimetoka kwenye nguo zilizoshindikana. Hakuna nguo inayotupwa pale kabla haijavuliwa vifungo, zipu, na bitana ikiwa bado ina nguvu. Akitafuta uzi wa kufanana na kitambaa hauchagui akiwa ameketi. Huinuka, akatoka hadi penye jua na nguo mkono mmoja na vibiringo vya uzi mkono wa pili, kwa sababu buluu ya kivulini na buluu ya juani ni mbili.

Wengi hudhani kushona nguo mpya ndio ufundi mkubwa na kurekebisha ni kazi ya mafundi waliokosa kazi. Mimi nashikilia kinyume chake. Kitambaa kipya hakina historia. Fundi hukata atakavyo. Nguo ya mtumba ilishakatwa na mtu mwingine, kwa mwili mwingine, kwa baridi ya nchi nyingine, na kila uamuzi wa yule mtu bado umo ndani. Fundi wa kurekebisha lazima kwanza aelewe mwenzake alifikiria nini, ndipo aamue atabomoa wapi na ataacha wapi. Chukua jambo dogo la kupunguza koti kiunoni. Fundi mvivu hula mbavu za pande zote mbili, akamaliza, na mifuko ikasogea mgongoni, mvaaji akawa anatafuta mfuko asiuone. Fundi huyu huchukua kidogo ubavuni na kidogo kwenye mshono wa kati wa mgongo, ili mifuko ibaki pale mkono unapoitarajia. Kisha hufungua bitana, akaipunguza nayo, lakini si kwa kiasi kilekile. Huiachia nafasi ya kupumua, kwa kuwa bitana ikikaza koti hukunjamana nje. Mtu akivaa haoni hata moja kati ya hayo. Anaona koti lake.

Au kugeuza kola. Sijui vijana wangapi bado wanajua kwamba kola ya shati hugeuzwa. Shati la mwanamume hufia shingoni kabla mahali pengine hapajachoka: ule mkunjo unaosugua ndevu huchanika nyuzi, ukawa mweupe, kisha ukaachana. Fundi huchukua wembe, akaifumua kola pale ilipoungana na ukanda wa shingo, uzi kwa uzi, bila kugusa kitambaa. Huigeuza, upande uliokuwa umejificha chini ukaja juu, akairudisha katika mstari uleule na kuishona. Mume wangu anayo mashati aliyoyavaa miaka baada ya kola kufa, na wenzake kazini hudhani ni mapya.

Kwa watoto kuna kazi ninayoipenda kuliko zote, nayo ni pindo la akiba. Sare ya shule ni ghali, na mtoto wa darasa la nne hukua usiku. Fundi hushona gauni refu kuliko mtoto, kisha hukunja sehemu kubwa kwa ndani na kuipiga mshono mlegevu ambao mama mwenyewe anaweza kuufumua nyumbani. Kila mwaka pindo hushuka. Pale lilipokuwa limekunjwa hubaki mstari uliofifia, na fundi mwenye haya ya kazi yake haukubali ubaki wazi: huupitishia utepe, au safu mbili za mshono wa rangi ileile, ukaonekana ni pambo lililokusudiwa tangu mwanzo. Nimekagua wanafunzi paredini kwa miaka mingi, na naweza kusoma umri wa gauni kwa kuhesabu mistari hiyo, na naweza kukuambia ni mtoto yupi ana mtu nyumbani anayemfikiria mwaka wa kesho.

Shati kubwa la mwanamume hugeuka gauni la msichana: safu ya vifungo huwekwa mgongoni, mikono ikawa mikanda ya kufunga kiuno, na mfuko wa kifuani ukabaki mbele mahali pa kuweka peremende. Gauni la jioni, la hariri ya bandia, lililotoka kwenye belo na ambalo hakuna mtu Migori angelivaa sokoni, limekuwa bitana ya makoti matatu. Mafundi wa Migori hushona vipya pia, na kazi yao nyingine kubwa ni kanzu za rangi za waumini wa Legio Maria wanaohiji Got Kwer, alikozikwa kiongozi wao Simeo Ondeto mwaka 1991. Lakini hata hao, kanzu ikichoka, huipunguza ikawa ya mtoto.

Kuna mahali katika kaunti ya Migori ambapo nilielewa vizuri zaidi ninachokisifu. Tuliwapeleka wanafunzi Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Wataalamu huzikadiria kuwa za karne ya 16. Zina kimo cha kutoka mita moja na nusu hadi zaidi ya mita nne, na unene wa wastani wa mita moja, na hazina udongo wala saruji inayozishikamanisha. Mawe yake hayakuchongwa. Yaliokotwa jinsi yalivyo, makubwa kwa madogo, na waliojenga waliyatafutia kila moja nafasi inayolifaa: ukuta wa nje, ukuta wa ndani, na katikati yake vijiwe vya kujaza vinavyozifunga pande hizo mbili zishikane. Mwongozaji alipokuwa akiwaeleza watoto, mimi nilikuwa nimeweka kiganja kwenye ukuta nikimfikiria fundi wangu. Aliyejenga hapa hakuliamuru jiwe liwe na umbo alitakalo. Aliliinua, akaligeuza, akaona litakaa wapi. Kazi ya namna hiyo imesimama zaidi ya miaka 400, na leo watu husafiri kutoka mbali kuja kuiona na kuipiga picha. Yule wa kwenye baraza hufanya kazi ya akili hiyohiyo kwa shilingi mia na hamsini.

Najua yanayosemwa dhidi ya mitumba, na siyapuuzi. Pwani hii ya ziwa, iliyoitwa South Nyanza kabla haijagawanywa, ililima pamba. Kisumu kulikuwa na kiwanda cha nguo cha KICOMI, na kilifungwa katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na nguo za nje zikaingia kwa wingi. Watu walipoteza kazi ambazo hazijarudi. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua kufikia 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara za AGOA, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikaondolewa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mimi namheshimu aliyeshikilia. Na ukweli mwingine ni kwamba ndani ya mabelo ya siku hizi fagia inazidi kuwa nyingi: nguo nyepesi za nyuzi za plastiki, zilizoshonwa zivaliwe mara chache, ambazo hata fundi hodari hana la kuzifanyia. Zinaishia kwenye mitaro, mvua ikazisukuma kuelekea ziwani. Wanaotutumia hizo wanatutumia takataka, na tunapaswa kulisema hilo waziwazi.

Lakini mwaka 2020, serikali ilipozuia uingizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona, niliona jambo ambalo mijadala ile haikuwahi kuligusa. Mabelo yalikwisha sokoni. Shule zilikuwa zimefungwa, mishahara ya wengi imekatika, na watoto wakaendelea kukua. Watu walirudi kwenye masanduku yao, wakatoa nguo za miaka, wakazipeleka barazani. Fundi alifanya kazi hadi giza. Aliunganisha suruali mbili zikawa moja; alitoa bitana kwenye koti la marehemu akamshonea mjane blauzi. Cherehani zile ndizo zilizotuvalisha miezi ile, na ujuzi wa fundi haukuwa umetoka kiwandani wala kwenye belo. Ulikuwapo siku zote pale kwenye baraza, ukilipwa shilingi hamsini kwa zipu. Nchi ikiamua siku moja kufufua viwanda vya nguo, kama ninavyotumaini, itahitaji watu wanaojua kitambaa kwa vidole, na ningependa ianze kuwatafuta Homa Bay, Rongo, Oyugis na Migori kabla haijatafuta kwingine.

Nikifungua kabati langu naona barabara. Kuna koti jepesi la buluu la Rongo, nililolivaa tulipovuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita, upepo wa ziwa ukiwa mkali kiasi kwamba mtoto wangu mdogo aliingia ndani yake pamoja nami na tukafunga vifungo. Siku ile tulipita kwenye daraja jipya la Mbita kwenda Rusinga, maji yakipita chini yake tena baada ya miaka mingi ya kuzibwa na njia ya mawe na udongo iliyokuwa imeunganisha kisiwa na nchi kavu. Tulikwenda hadi kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, na kijana wangu mkubwa, aliyekuwa na umri wa kuuliza kila kitu, akataka kujua kama Mboya naye alivaa mitumba alipokuwa mtoto. Sikuwa na jibu la hilo. Nilimwambia tu kwamba aliuawa mwaka 1969 akiwa hajafika miaka 40, na kwamba katika picha zake zote bega la koti limekaa mahali pake.

Kuna jaketi la jinzi la Migori ambalo viwiko vyake vilitoboka, na fundi akaviziba kwa vipande vya kitenge nilichonunua Sirari, upande wa Tanzania, siku niliyovuka mpaka na dada yangu kutafuta vitambaa vya harusi. Kitenge kile kingine kilishaisha. Kipande kilichobaki ni kile cha viwikoni, na dada yangu akinitembelea hukishika.

Na kuna gauni la kijani nililolivaa nilipowapeleka watoto Kendu Bay kuona ziwa Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji pale, na usiku mmoja wa sherehe alikuja bibi kizee aliyechoka, matambara mwilini, akaomba hifadhi, watu wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Bibi akamwambia aondoke na watu wake, na mvua ikanyesha hadi kijiji kikazama, watu, ngoma na vyote. Ziwa lipo, maji yake ni ya magadi na rangi yake ni ya kijani kizito. Binti yangu aliuliza kwa nini hakuna mtu aliyempa bibi yule nguo. Nilifurahi kwamba hilo ndilo lililomsumbua.

Binti huyo sasa yuko sekondari, na likizo hii fundi amekubali kumweka barazani asubuhi. Sikumwomba, aliniambia mwenyewe kwamba ana vidole vya subira. Mwanafunzi hapewi cherehani kwa wiki za mwanzo. Hupewa wembe na nguo ya kufumua, kwa sababu anayefumua huona mpangilio ambao mvaaji hauoni: kipi kilishonwa kwanza, kipi kilifunika kipi, fundi wa kule alificha wapi fundo lake.

Jumanne nilipopita kumpelekea binti chai nilimkuta amelilaza mapajani koti la sufu la kike, bitana imefunguka nusu. Kamera safi, la mteja anayefanya kazi benki, linahitaji kupunguzwa mgongoni. Alikuwa amesimamisha wembe. Ndani ya kwapa la kulia, chini ya bitana, mahali ambapo hakuna mtu angeona, palikuwa na mshono wa mkono: uzi mweusi juu ya kitambaa cha kahawia, hatua ndogo sana zilizolingana, zikizunguka mpasuko wa zamani. Haukuwa wa kiwandani. Mtu fulani, nchi nyingine, miaka mingi iliyopita, alilirekebisha koti hili kabla yetu, kisha akarudisha bitana na kunyamaza.

"Niufumue nao?" akauliza.

Fundi aliweka chini suruali aliyokuwa akiipiga pasi, akaja, akavaa miwani. Aliuvuta mshono kwa kidole gumba upande huu na upande ule, akaugeuza kwenye jua, akautazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama kazi yangu yoyote.

"Huyu alikuwa fundi," akasema. "Huo uache, mwanangu, usiuguse. Anza na mshono wa mgongo, na bitana uipunguze nusu ya utakachopunguza nje. Mwenye koti anakuja Ijumaa saa nne."